JINSI YA KUIPIMA PICHA YA SINEMA

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo fupi juu ya picha za sinema, kwa kuwa mimi ndiye nisimamiaye sinema ya Jumamosi katika ukumbi wa shule, na tena mimi mwenyewe nalisoma hapa. Nimekubali kwa furaha. Lakini kabla ya kuwafundisha wengine, yanipasa kukiri kosa langu, maana ndilo lililonifanya nikubali.

Muhula uliopita tulionyesha picha iitwayo The African Queen. Naliichagua kwa sababu sehemu yake ilipigwa hapa hapa Uganda mwaka 1951, Butiaba penye Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Nalidhani vijana watafurahi kuiona nchi yao, nao walifurahi kweli. Mwanzoni mwa picha wanakijiji wamo kanisani wakiimba wimbo wa dini wasioujua, wanapiga makelele tu, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nalicheka, kama nalivyocheka nilipoiona mara ya kwanza katika ujana wangu.

Picha ilipokwisha, mwanafunzi mdogo wa kidato cha kwanza alibaki nyuma akinisaidia kupanga viti. Akaniuliza, "Mwalimu, samahani. Wale watu waliochomewa nyumba na Wajerumani mwanzoni, wakachukuliwa, je, walirudi kwao?"

Nalimjibu, "Hiyo siyo hadithi ya picha hii, mwanangu. Nenda kalale."

Yeye akaenda kulala, lakini mimi usingizi haukunijia. Baba wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vile vya mwaka 1914, akapelekwa upande wa Tanganyika, asirudi tena. Kwetu hakuna kaburi lake. Nami nalikuwa nimeketi ukumbini nikiwacheka watu wa kizazi chake, halafu nikamfukuza mtoto aliyeuliza habari zao. Mtoto yule aliiona picha mara moja tu akaona jambo ambalo mimi, niliyeiona mara nne, sikuliona.

Basi vijana, na ninyi wenzangu mliomaliza zamani, someni maneno haya mkijua kwamba mwandishi naye angali anajifunza.

MASWALI MATATU

Mara nyingi nikiwauliza wanafunzi, "Picha ilikuwaje?" wao hujibu, "Nzuri sana," au "Mbaya." Hayo siyo maoni. Ni kama mtu kusema chakula kina chumvi bila kusema ni nyingi au haba. Maoni huanza pale mtu anaposema "kwa sababu." Mimi hutumia maswali matatu.

La kwanza: Hii ni hadithi ya nani, na ni nani aliyeachwa nje? Hili ndilo swali la yule mtoto.

La pili: Imeundwaje? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kitu mkionacho katika picha kimewekwa na mtu: mwanga, sauti, mahali pa kamera, hata kimya.

La tatu: Imeniachia nini? Siku tatu zikipita, ni jambo gani linalonirudia akilini?

Sasa nitazipima picha saba kwa maswali hayo. Si zote zilizo kubwa, wala si zote za aina moja, maana asiyeonja ila chakula kimoja hawezi kuwa hakimu wa mapishi.

1. THE AFRICAN QUEEN (1951)

Mwongozaji wake ni John Huston, Mmarekani. Hadithi ni ya mwanamke wa misheni na fundi mlevi, ambao wakati wa vita vya 1914 wanashuka mto kwa mashua mbovu ili waizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Kwa uundaji, picha hii ni ya kusifiwa. Watu wawili tu ndani ya mashua, nasi hatuchoki kuwatazama, kwa kuwa kila hatari ya mto yawabadilisha tabia. Humphrey Bogart, aliyecheza kama fundi, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na alistahili.

Lakini tukiuliza swali la kwanza, picha yaanguka. Wanakijiji watumiwa kutuchekesha, kisha nyumba zao zachomwa, nao waondolewa kama vyombo vya jukwaani. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa katika orodha ya wachezaji. Tena historia yenyewe ni nyingine. Meli iliyompa mtunzi wa kitabu wazo lake ilikuwa Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Haikuzamishwa na mashua yo yote. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 huko Kigoma ili isitwaliwe na adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Na wale waliochukuliwa? Nalimwita yule mtoto siku ya pili nikamjibu kama ilivyonipasa. Nalimwambia kwamba wengine walirudi, na makumi ya maelfu hawakurudi. Waliuawa na njaa, homa na tumbo la kuhara kuliko risasi. Jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, maana maneno hayo yametoka katika jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Akaniambia, "Basi mwalimu, hiyo nayo ingefaa kuwa picha." Mimi nasema hivyo hivyo.

2. LADRI DI BICICLETTE (1948)

Maana yake ni Wezi wa Baiskeli. Ni picha ya Italia, na mwongozaji wake ni Vittorio De Sica. Haina rangi, na siku tulipoionyesha kulikuwa na manung'uniko kwa sababu hiyo. Baada ya robo saa hakuna aliyenung'unika tena.

Mtu mmoja wa Roma, Antonio, baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Baiskeli yake imewekwa rehani. Mkewe azitoa shuka za kitanda ziwekwe rehani badala yake. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli yaibwa. Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, waitafuta mji mzima. Mwisho Antonio, amekata tamaa, ajaribu kuiba baiskeli ya mtu, akamatwa mbele ya mwanawe. Mwenye mali amtazama mtoto, kisha amwachilia baba.

Angalieni jinsi ilivyoundwa. Shuka zinapopokelewa rehani, karani azichukua akapanda nazo juu ya rafu ndefu sana zilizojaa marobota ya shuka za watu wengine. Hakuna neno linalosemwa, lakini papo hapo twajua kwamba nyumba maskini si ile moja. Aliyecheza Antonio hakuwa mchezaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na hali hiyo yaonekana katika mwendo wake.

Hapa petu mtu hahitaji kuelezwa hadithi hii. Boda boda zenyewe zilianza kwa baiskeli, kule mpakani Busia, na nyumba ngapi hula kwa magurudumu mawili? Picha hii yaniachia uso wa Bruno. Aibu ya mzazi mbele ya mtoto ni nzito kuliko kifungo.

3. MOTHER INDIA (1957)

Picha hii ya Mehboob Khan yachukua karibu saa tatu, na wazee wetu wengi waliiona katika majumba ya sinema ya miji ya Afrika ya Mashariki, ambako picha za Kihindi zilipendwa mno. Radha, aliyechezwa na Nargis, aolewa kwa gharama zilizokopwa kwa mwenye kukopesha wa kijiji. Karatasi ya deni yatiwa alama ya kidole na mtu asiyejua kusoma. Kwa deni la rupia 500, wanalazimika kutoa robo tatu ya mavuno kila mwaka kuwa faida tu, deni lenyewe likibaki pale pale.

Kosa lake ni wingi. Nyimbo ni nyingi, machozi ni mengi, na muziki watuambia tulie kabla hatujaona cha kuliza. Mtu akipunguza nusu saa, picha haitaumia. Hata hivyo mwisho wake ni wa nguvu ambao wachache wangethubutu. Mwana mpendwa wa Radha amekuwa jambazi. Amteka binti wa yule mkopeshaji. Na mama mwenyewe ampiga risasi mwanawe ili kuilinda heshima ya binti wa adui yake. Sikubaliani na kila jambo ndani yake, lakini kila mara naiona ile alama ya kidole juu ya karatasi. Kijana asemaye kusoma hakuna faida na aitazame picha hii.

4. LA NOIRE DE... (1966)

Hii ni picha ya Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye kabla ya kuwa mwandishi na mwongozaji alikuwa mchukuzi wa bandarini Marseille. Yachukua saa moja tu. Msichana wa Dakar aitwaye Diouana apelekwa Antibes, Ufaransa, na mabwana zake. Alidhani atalea watoto na kuiona nchi ya watu. Badala yake afungiwa jikoni na bafuni, na Ufaransa yake ni dirisha tu. Mwisho ajiondolea uhai.

Msichana analo jina, lakini jina la picha halimtaji. Maneno yale maana yake ni Mweusi wa fulani, kama mtu asemavyo mkoba wa fulani. Hapo mwongozaji amelijibu swali la yule mtoto kwa makusudi. Watu wa nyumba ile humsikia akisema "Ndiyo, Bibi" tu, lakini sisi twazisikia fikira zake zote tangu mwanzo hata mwisho.

Barua yaja kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kuandika, basi bwana wa nyumba aketi aanze kumwandikia majibu, akitunga maneno ambayo msichana hakuyasema. Diouana aichana barua. Katika picha zote saba hakuna tendo dogo lililonigusa kama hilo.

Kasoro zipo. Mabwana wamechorwa kwa rangi moja, na sauti zimetiwa baadaye hata mara nyingine haziendi sawa na midomo. Lakini fundi aliye na nyundo moja akijenga nyumba imara, hatumlaumu kwa nyundo.

5. 12 ANGRY MEN (1957)

Baada ya kuona picha ya Diouana, wanafunzi wangu walikimbilia kusema, "Picha nzuri ni ile ambayo kila mtu anapewa jina lake." Nikawaonyesha hii ya Sidney Lumet, Mmarekani, ili niwatie mashaka kidogo.

Watu kumi na wawili wa baraza la mahakama wafungiwa chumbani waamue kama kijana mmoja amemwua baba yake. Akionekana ana hatia, atauawa. Kumi na mmoja wasema ana hatia. Mmoja asema, "Sina hakika, tuzungumze." Hadithi ni hiyo tu, karibu yote ndani ya chumba kimoja. Wala hatujui majina yao. Hata kijana mshtakiwa hatajwi jina. Ni mwisho kabisa, penye ngazi za mahakama, wawili kati yao waulizanapo majina na kuagana. Hata hivyo, kabla ya hapo twamjua kila mmoja: huyu ana haraka ya kwenda mchezoni, huyu ana uchungu na mwanawe mwenyewe, huyu ni mzee anayeona yale wengine wasiyoyaona.

Basi jina peke yake si kipimo. Kipimo ni kama mtu amepewa nafasi ya kuwa mtu.

Katika uundaji kuna siri moja. Mwanzoni kamera imewekwa juu kidogo ya macho ya watu, na kadiri hadithi iendeleavyo yateremka mpaka ikawa chini ya macho yao, nazo lenzi zabadilishwa ili kuta zionekane kuwakaribia. Mtazamaji huona joto na dhiki ya chumba bila kujua sababu. Itazameni mara ya pili mkiifuata kamera tu.

Kwangu hii ndiyo picha iwafaayo viranja na wazee wa vijiji kuliko zote. Yafundisha kwamba mtu mmoja asemaye "Sina hakika" huenda akawa na thamani kuliko kumi na mmoja wenye hakika.

6. WHO KILLED CAPTAIN ALEX? (2010)

Najua wapo wenzangu watakaoshangaa kuiona hapa. Ilitengenezwa na Nabwana huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa fedha ambazo yasemekana hazikufika dola 200 za Marekani. Bunduki zimechongwa na mafundi wa mtaani, na milipuko imetiwa kwa kompyuta. Juu ya picha yenyewe kuna sauti ya msimulizi anayetania, kushangilia na kueleza, kama ilivyo desturi ya vibanda vyetu vya video, ambako mfasiri huikalia picha ya kigeni na kuigeuza kuwa yetu.

Kwa hadithi, sitaisifu. Jina la picha lauliza nani amemwua Kapteni Alex, na picha yaisha bila kutuambia. Watu wanauawa kama inzi, wala hakuna anayewalilia. Nikitumia swali la kwanza kwa haki, yanipasa kuikemea kama nilivyoikemea ile ya Huston. Kicheko juu ya maiti ni kicheko kile kile, hata kama mchezaji ni jirani yetu.

Lakini kwa swali la pili, navua kofia. Watu hawa hawakungoja mfadhili wala ruhusa. Kijana asemaye, "Nikipata kamera nzuri nitaanza," na awatazame, kisha atafute udhuru mwingine.

7. QUEEN OF KATWE (2016)

Hii nayo ni ya Kampala, ila kwa fedha za kampuni kubwa ya Marekani. Mwongozaji ni Mira Nair. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyekuwa akiuza mahindi, akajifunza mchezo wa sataranji kwa mwalimu Robert Katende, hata akaiwakilisha nchi yake.

Naisifu kwa kuwa mtaa maskini haukuonyeshwa kama shimo la huruma. Kuna rangi, dhihaka, ukaidi na hesabu za kila siku. Mama, aliyechezwa na Lupita Nyong'o, ana heshima asiyotaka kuiuza. Nailaumu kwa mambo mawili. La kwanza, watu wa Katwe wanasemezana kwa Kiingereza hata nyumbani, mama na mwana, ili mtazamaji wa mbali asipate taabu. La pili, kila pigo lafuatwa upesi na faraja, kana kwamba aliyeitengeneza aogopa tusiondoke na huzuni.

Lakini msiondoke kabla haijaisha kabisa. Mwishoni kila mchezaji aletwa mbele akisimama pamoja na mtu wa kweli ambaye amemwigiza, na habari za mtu huyo zaandikwa. Tulipofika hapo Jumamosi moja, nalimtazama yule mtoto wa kidato cha kwanza. Alikuwa amesimama, akihesabu watu kwa kidole, kama anayehakikisha kwamba hakuna aliyesahauliwa.

MWISHO

Wapenzi wasomaji, msidhani nawafundisha kutafuta makosa. Mtu ajuaye kutafuta makosa tu ni kama nzi, apitaye juu ya mwili mzima akatua penye kidonda. The African Queen ningali naipenda, na nikiwekewa tena nitaitazama. Ila sitacheka tena pale kanisani. Wala msiamini tangazo la ukutani: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tangu siku ile tumeongeza jambo moja katika sinema yetu ya Jumamosi. Picha ikiisha, taa zawashwa, nasi twakaa dakika kumi. Mwalimu hasemi. Anayeanza ni mwanafunzi wa kidato cha chini kabisa, na hakuna ruhusa ya kumcheka. Wanafunzi wa zamani watakaopita shuleni wakaribishwe dakika hizo.

ZOEZI

1. Chagua picha uliyoiona mwaka huu. Eleza kwa maneno mia ni nani aliyeachwa nje ya hadithi.

2. Taja jambo moja ulilolijua katika picha hiyo bila mtu ye yote kulisema kwa maneno. Mwongozaji alikujulishaje?

3. Muulize mzee wa kwenu kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyechukuliwa katika vita vya 1914. Andika jina lake. Majina yatakayoletwa nitayabandika ukutani mwa ukumbi, karibu na kiwambo cha sinema. La baba wa babu yangu nimekwisha kulibandika.